Gesi za nyongeza katika ukuzaji wa almasi ya maabara

Moto wa oksijeni na asetilini, uleule ambao mafundi wa kuchomelea wa Tabora mjini huuwasha kila siku, unaweza kuotesha almasi. Watafiti wa Japani walilithibitisha hilo mwaka 1988, hewani, bila chumba cha kufungwa. Kazi yote ilikuwa kwenye vipimo vya gesi. Asetilini ikizidi mno, kinachobaki ni masizi. Oksijeni ikizidi, kaboni yote inaungua. Almasi hutokea kwenye nafasi nyembamba iliyo katikati.

Viwandani njia ya gesi inayotumika sana ni nyingine. Kipande chembamba cha almasi, kiitwacho mbegu, huwekwa ndani ya chumba chenye mgandamizo mdogo, kisha huingizwa hidrojeni na methani kidogo, mara nyingi asilimia 1 hadi 5. Mawimbi ya maikrowevu huichemsha gesi hiyo mpaka molekuli zake zivunjike, na kaboni ya methani hujipanga juu ya mbegu tabaka kwa tabaka. Lakini kaboni hupenda pia kuwa grafiti, ile nyeusi ya kwenye penseli. Hapo hidrojeni hufanya kama mkulima wa tumbaku anayepalilia: atomu zake hung'oa grafiti kwa kasi kubwa kuliko zinavyoigusa almasi.

Gesi ya nyongeza ni ile inayotiwa juu ya mchanganyiko huo wa msingi, na kwangu mimi inayostaajabisha kuliko zote ni nitrojeni. Sehemu chache tu katika milioni hutosha kuongeza kasi ya ukuaji mara kadhaa. Mwaka 2002 watafiti wa Taasisi ya Carnegie nchini Marekani waliripoti almasi iliyokua milimita 0.05 hadi 0.15 kwa saa baada ya kutia nitrojeni, wakati bila hiyo kazi huenda polepole sana. Gharama yake ni rangi: jiwe huelekea kahawia. Baadhi ya atomu za nitrojeni pia hukaa jirani na nafasi tupu, yaani mahali palipokosa atomu ya kaboni, ndani ya fuwele, na muungano huo ni hazina, maana hutumika kutengeneza vihisi vya kupimia nguvu ya sumaku.

Oksijeni huenda kinyume. Hupunguza kasi, lakini hula kaboni isiyo almasi na kuacha jiwe safi zaidi. Boroni hulipatia jiwe rangi ya buluu na kulifanya lipitishe umeme. Arigoni ikiwa nyingi mno, fuwele hutoka ndogo sana.

Kwa sisi tulio jirani na Shinyanga, ambako kuna mgodi wa Mwadui, jambo hili lina uzito sokoni. Almasi ya maabara ni almasi kamili, na macho matupu hayaitofautishi na ya ardhini. Nitrojeni ndiyo huitambulisha. Katika almasi nyingi za ardhini atomu zake zimekaa kwenye joto kali muda mrefu mno hadi zikajikusanya mbilimbili au kwa vikundi. Katika zilizokuzwa kwa gesi, nyingi bado ziko mojamoja, na chini ya miale ya urujuanimno mawe hayo mara nyingi hung'aa rangi ya chungwa. Anayenunua jiwe la thamani kubwa adai cheti cha maabara ya vito kabla hajatoa pesa.