Tabasamu Zuri: Yanayodhaniwa na Ukweli Wake

Dhana: Kasoro anayoiona daktari wa meno, kila mtu anaiona.

Ukweli: Mwaka 1999 Kokich, Kiyak na Shapiro wa Marekani walichapisha utafiti ambamo picha za tabasamu zilibadilishwa kidogo kidogo kwa makusudi, kisha zikapimwa na wataalamu wa kupanga meno, madaktari wa meno wa kawaida na watu wasio na taaluma hiyo. Mstari wa katikati ya meno ya mbele uliposogezwa pembeni milimita 4, wataalamu wa kupanga meno peke yao ndio waliougundua. Ufizi unaojitokeza mtu anapocheka uliwakera wataalamu hao ulipofika milimita 2, ilhali wengine waliuvumilia hadi 4. Meno yalipolala upande, hata hivyo, makundi yote matatu yaliona mapema. Kwa hiyo mzazi wa Masasi anayeambiwa kwamba mstari wa meno ya mwanawe umehama ana haki ya kuuliza: "Daktari, hili litamsumbua katika kutafuna, au ni la kupendeza tu?" Gharama ya vyuma vya meno si ya kubahatisha.

Dhana: Mwanya ni kasoro ya kuzibwa.

Ukweli: Huku pwani, Lindi hadi Mikindani, mwanya husifiwa, na sioni sababu ya kumwonea haya mtaalamu kwa kusema usiguswe. Katika utafiti wa mwaka 2006 wa Kokich na wenzake, mwanya mdogo wa katikati haukuhesabiwa kuwa mbaya na kundi lolote. Vipimo vya uzuri havikuwahi kuwa kimoja. Wamakonde wa zamani walichonga meno ya mbele yakawa na ncha, nao waliona wamependeza. La kuhofia ni mwanya unaozuka ukubwani kwa mtu ambaye hakuwa nao, kwani mara nyingi huashiria ugonjwa wa fizi unaolegeza meno, na huyo aende hospitali bila kuchelewa.

Dhana: Meno yenye afya ni meupe pe.

Ukweli: Chini ya enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, kuna dentini, tabaka la ndani lenye umanjano, na chonge kwa kawaida huwa na rangi iliyokolea kuliko meno ya mbele. Dawa ya kung'arisha haibadilishi rangi ya sehemu iliyozibwa, hivyo mwenye jino la mbele lililozibwa amweleze daktari mapema, asije akabaki na jino lenye rangi mbili.