Je, wajua kwa nini simu mpya huchemka na kumaliza chaji siku za mwanzo?

Kijana aliyeniuzia simu pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, alinipa sharti moja: "Dada, usiiwashe kwanza. Ichaji masaa nane." Niliiwasha kwenye daladala, hata Ilala hatujafika. Kioo kinateleza kama kimepakwa mafuta, programu zinafunguka kabla kidole hakijanyanyuka, nikajiona nimeula. Kesho yake nilitoka nyumbani na chaji 100%. Saa saba mchana nilikuwa na 31%, na mgongo wa simu una joto la chapati iliyoepuliwa muda si mrefu. Ofisini hukumu ikatoka papo hapo: umepigwa, hiyo feki.

Haikuwa feki. Simu nyingi, hata za bei mbaya, huchemka na kula chaji hivyo siku mbili tatu za mwanzo, kwa sababu zinafanya kazi ambayo mwenye simu haioni.

Chukulia siku ya kuhama nyumba. Lori likishaondoka, jirani anayechungulia mlangoni anaona makochi yamekaa mahali pake, anasema umeshahamia. Hajui kwamba chumbani kuna maboksi kumi hayajafunguliwa na hujui chumvi iko wapi. Simu nayo iko hivyo. Ukiingiza akaunti yako na kukubali irejeshe vitu vya simu ya zamani, baada ya dakika chache inakwambia iko tayari. Iko tayari kupiga na kupokea. Mengine bado yako kwenye maboksi.

Kwanza kuna programu zenyewe. Nilikuwa nazo zaidi ya 90, nyingine hata sikumbuki nilizipakua lini, na zote zilikuwa zinashuka moja moja kwa nyuma wakati mimi nafurahia kamera. Juu yake kuna masasisho ya mfumo: simu ilifungwa kwenye boksi kiwandani miezi kadhaa iliyopita, kwa hiyo ikiamka inakuta marekebisho ya usalama yaliyotoka ikiwa imelala. Kama unafanya haya kwa bando badala ya Wi-Fi, utaliona bando likiyeyuka kabla hujaiona betri. Na pale mtandao unaposumbua, redio ya simu, yaani sehemu inayowasiliana na mnara, inalazimika kupaza sauti zaidi ili mnara uisikie, na kupaza sauti ni chaji.

Halafu kuna picha. Zangu zilikuwa zaidi ya elfu nane, nusu yake kadi za michango ya harusi na maua ya "asubuhi njema" kutoka magrupu ya WhatsApp. Ukiandika "paka" kwenye sehemu ya kutafutia picha, simu inakuletea paka. Lakini ili iweze hivyo, lazima kila picha iwe imeshasomwa. Kwenye iPhone kazi ya kutambua sura na vitu inafanyika ndani ya simu yenyewe, zaidi ikiwa imefungwa na iko kwenye chaja. Ndiyo maana wengi huikuta ya moto alfajiri ingawa hawakuigusa usiku kucha. Kwenye Google Photos sehemu kubwa ya kusoma hufanyika kwenye kompyuta za Google, ila kama umeruhusu picha zihifadhiwe huko, simu ndiyo inayobeba mzigo wa kuzipandisha.

Sehemu inayonivutia mimi zaidi ni ya Android. Programu unayoshusha haiji ikiwa katika lugha ambayo prosesa, yaani ubongo wa simu, inaielewa moja kwa moja. Inakuja katika lugha ya kati, ili programu ileile iweze kufanya kazi kwenye simu za prosesa tofauti, na simu ndiyo inayotafsiri. Ilipoanza Android 5, mwaka 2014, simu ilitafsiri programu nzima pale inaposakinishwa. Waliotumia simu za wakati ule wanaukumbuka ujumbe ule wa kuudhi baada ya kusasisha mfumo, ukihesabu programu ya 14 kati ya 120 huku umesimama unangoja. Tangu Android 7, mwaka 2016, utaratibu ulibadilika. Sasa simu inaanza kama mkalimani wa mahakamani: shahidi anasema sentensi, yeye anaitafsiri palepale, kisha anangoja nyingine. Wakati huohuo inaandika pembeni ni sehemu zipi za programu unazirudia kila siku. Usiku, ikiwa kwenye chaja na haitumiki, inakaa chini na kuzitafsiri sehemu hizo kwa maandishi, ili kesho zisitafsiriwe tena. Siku za mwanzo, basi, mkalimani wako amesimama kizimbani kutwa, na jasho unalolisikia mgongoni mwa simu ni lake.

Nalo joto lina njia moja tu ya kutoka: kupitia mwili wa simu. Simu za kawaida hazina feni. Ndani kuna karatasi nyembamba za grafiti, au kwenye simu za bei kubwa bamba bapa lenye mvuke, vinavyolitandaza joto hadi kwenye mfuniko wa nyuma, yaani kwenye kiganja chako. Ukiivika kava nene la plastiki halafu ukailaza kwenye godoro ikichaji na kushusha programu 90 kwa wakati mmoja, ni kama umeifunika blanketi. Vua kava usiku wa kwanza, iweke mezani.

Kitu kingine ni mazoea. Android 9 ya mwaka 2018 ilileta mfumo unaojifunza programu zipi unazitumia na zipi zimekaa tu, kisha unazigawa kwenye mafungu. Zile usizozigusa zinabanwa, haziamki ovyo kuulizia habari mpya. Simu ya jana haikujui bado, kwa hiyo nyingi zinaamka zitakavyo.

Na tuseme ukweli, mwenye simu naye yumo. Siku ile nilikuwa nimeishika tangu asubuhi, mwanga umepandishwa hadi mwisho, nampiga picha kila anayepita. Nilipoingia kwenye Mipangilio, upande wa betri, aliyeongoza kwa kula chaji alikuwa kioo.

Kuhusu yale masaa nane, ushauri huo ulikuwa na maana enzi za simu zilizotumia betri za nikeli, ambazo zilipoteza chaji zikiwa dukani. Betri za lithiamu-ioni, ambazo Sony ndiyo iliyoanza kuziuza mwaka 1991, hazihitaji hivyo. Hukaa vizuri zaidi zikiwa hazijajaa, ndiyo maana simu hutoka kwenye boksi ikiwa na kama nusu ya chaji, na ikijaa yenyewe inazuia umeme kuendelea kuingia. Kijana wa Aggrey alirithi sharti lake kutoka zama za kiswaswadu, akaliuza pamoja na simu.

Kwa hiyo ipe siku nne hivi, wikendi ikiwemo, iache kwenye Wi-Fi na chaja usiku. Yangu siku ya tano ilifika saa mbili usiku ikiwa na 44%, kazi ileile, kelele zilezile za magrupu. Kama baada ya wiki nzima bado inachemka ikiwa imelala tu mezani, au inazimika ghafla ikiwa na 30%, au kioo kimeanza kuinuka pembeni kwa sababu betri imevimba, hapo toa risiti na uirudishe. Ikivimba usiichaji tena. Na kama wasiwasi wako ni ufeki, bonyeza *#06#, upate namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, yenye tarakimu 15. Kwa Tanzania unaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, unajibiwa ni simu ya aina gani. Ulinganishe na kilichoandikwa kwenye boksi.

Siku simu itakapopandishwa toleo jipya la mfumo, sehemu ya kazi hii itaanza upya, maana tafsiri za zamani zinaweza kutupwa. Ukiiona inachemka asubuhi yake, mkalimani amerudi kizimbani.