Kabla ya kuvuruga seva kwa makusudi, tayarisha njia ya kurudi

Miezi ya hivi karibuni malalamiko ya aina moja yamezidi kutufikia sisi tunaosimamia seva zinazotumiwa kwa pamoja na taasisi mbalimbali. Mfumo wa mteja unakuwa mzito ghafla katikati ya asubuhi, kisha unarudi katika hali yake bila mtu yeyote kugusa kitu. Tukifuatilia, tunakuta jirani yake kwenye mashine hiyohiyo alikuwa akivuruga mfumo wake kwa makusudi ili aone kama utastahimili. Nia ni njema na jaribio lenyewe linahitajika. Shida iko katika namna linavyofanywa.

Hatupingi majaribio haya, na anayesema tunayapinga ametuelewa vibaya. Mwaka 2008 hifadhidata ya Netflix iliharibika na kwa siku 3 kampuni ikashindwa kuwatumia wateja DVD zao. Ilipohamia kwenye seva za kukodi za Amazon, wahandisi wake waliandika Chaos Monkey, programu inayochagua seva kwa bahati nasibu na kuizima, na mwaka 2012 wakaitoa kwa umma. Jambo ambalo wengi hawalitilii maanani ni kwamba Chaos Monkey ilipangwa izime seva saa za kazi, wahandisi wakiwa mezani. Sisi bado tunaletewa maombi ya kufanya jaribio saa nane usiku "ili watu wasiathirike". Saa hiyo wanaoweza kurekebisha hitilafu wamelala. Chagua asubuhi ya katikati ya wiki.

Kwa Afrika Mashariki sababu ya kujaribu iko karibu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na kwa majirani. Siku kama hiyo seva haizimiki. Majibu yanachelewa tu. Kuchelewa kuna madhara makubwa kuliko kuzimika, kwa sababu programu inaendelea kusubiri, miunganisho inajaa, na hata sehemu zilizo nzima zinaanza kukwama. Ndiyo maana jaribio la kwanza ninalopendekeza ni la kuchelewesha mtandao, kabla hujafikiria kuzima chochote.

Zana kama Ansible, programu ya kuendesha seva nyingi kutoka mahali pamoja, zimelirahisisha sana jaribio hili. Huingia kwenye seva ya mbali kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta kupitia mtandao, bila kuhitaji programu yake iwekwe huko, husoma faili la maelekezo na kutekeleza hatua zake kwenye kila seva uliyoorodhesha. Hatua yenyewe inaweza kuwa mstari mmoja wa tc, amri ya Linux ya kudhibiti mtandao, ikitumia netem, sehemu yake ya kuiga hitilafu: tc qdisc add dev eth0 root netem delay 300ms. Tangu hapo kila pakiti (kipande cha data) inayotoka kwenye seva kupitia kiunganishi cha mtandao kinachoitwa eth0 inacheleweshwa milisekunde 300. Zinazoingia haziguswi. Hakikisha kwanza jina la kiunganishi, maana seva nyingi za sasa hazina eth0, zina ens3 au jina jingine, na amri itakataa.

Sasa angalia kinachotokea ukizidisha. Umeacha ucheleweshaji, umeamua kupoteza pakiti zote au kufunga milango ya mtandao kwa iptables, kichujio cha mtandao cha Linux. Kwenye faili lako umeandika sehemu ya always, ambayo Ansible huitekeleza hata hatua za juu zikishindwa, na ndani yake umeweka amri ya kuondoa hitilafu. Unaona umejikinga. Lakini amri hiyo inapaswa kusafiri kwa SSH, na SSH inapita kwenye kiunganishi kilekile ulichokiziba. Umekata tawi ulilolikalia. Ansible itaripoti kwamba seva haifikiki, na hitilafu itabaki pale mpaka mtu afungue konsoli ya seva, inayofikika bila mtandao huo, au aiwashe upya.

Dawa yake ni kwamba amri ya kurejesha ikae kwenye seva yenyewe kabla hujavuruga chochote. Kwa hitilafu ya tc, hatua ya kwanza kwenye faili iwe amri hii ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux, inayoweka kipima muda: systemd-run --on-active=180 /usr/sbin/tc qdisc del dev eth0 root. Baada ya sekunde 180 seva itajirejesha yenyewe, mtandao uwepo usiwepo. Usishtuke ikizidisha muda kidogo. Systemd isipoelekezwa vinginevyo hujipa nafasi ya hadi dakika moja kwenye vipima muda vyake. Hatua ya pili ihakikishe kipima muda kipo kweli, kwa systemctl list-timers. Hatua ya tatu ndiyo hitilafu. Tunapopitia faili lolote tunaloletewa, mpangilio huu ndio tunaoutazama kwanza.

Walio na shaka wakumbuke Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, jioni kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotoweka kwa takriban saa 6. Wahandisi walikuwa katika matengenezo ya kawaida, amri moja ikakata mtandao unaounganisha vituo vyao vya data, na chombo cha ukaguzi kilichopaswa kuizuia kilikuwa na kasoro. Zana za ndani ambazo wangezitumia kurekebisha zilitegemea mtandao uleule uliokatika. Ikabidi watu wapelekwe kwenye vituo vyenyewe.

Kuhusu idadi ya seva, nitasema kwa uwazi kwa sababu tumelirudia mara nyingi: usiandike hosts: all, yaani seva zote ulizoorodhesha, kwenye faili la jaribio. Andika serial: 1 ili seva zishughulikiwe moja moja, usipoiandika, Ansible kwa kawaida hushughulikia seva 5 kwa wakati mmoja. Endesha kwanza kwa --list-hosts usome majina yatakayoguswa. Na msitegemee --check, hali ya kuendesha faili bila kubadilisha chochote. Hatua zilizoandikwa kwa moduli za command na shell kwa kawaida hurukwa katika hali hiyo, kwa hiyo rangi ya kijani unayoiona haikuambii lolote kuhusu tc. Tarehe 28 Februari 2017 mhandisi wa Amazon mwenye idhini, akifuata utaratibu ulioandikwa, alikosea kuingiza thamani kwenye amri ya kuondoa seva chache za S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi data. Zikaondoka nyingi kuliko alivyokusudia, na huduma zikayumba kwa saa kadhaa. Baadaye Amazon ilibadilisha zana iondoe seva polepole na ikatae kushuka chini ya kiwango cha lazima. Nanyi wekeni kikomo chenu ndani ya faili, kisibaki kichwani mwa mtu.

Majaribio ya kuchosha prosesa au diski kwa stress-ng, programu ya kuipa mashine mzigo mzito, yanahitaji tahadhari ya ziada. Kwenye mashine inayotumiwa kwa pamoja, mzigo huo unamwangukia jirani ambaye hakukubali. Malalamiko mengi niliyoyataja mwanzo yanatoka hapa. "Seva ni yangu, naifanyia nitakacho" si hoja. Uliyokodi ni sehemu ya mashine.

Utaratibu wetu ni huu. Notisi ya maandishi itufikie siku 5 za kazi kabla ya jaribio, na itaje kila seva kwa jina, aina ya hitilafu, saa ya kuanza na ya kumaliza, na amri ya kurejesha ilipo. Itaje pia hali ya kawaida ya mfumo kwa tarakimu, kwa mfano muda wa majibu na kiwango cha makosa, pamoja na kiwango ambacho kikifikiwa jaribio linakatizwa. Notisi isiyo na kiwango hicho tunairudisha. Iwe na jina na simu ya mtu atakayekuwa macho muda wote, na saini ya mwenye mfumo. Saini ya fundi peke yake haitoshi, hata kama ndiye anayejua nywila zote.

Saini hiyo ina uzito wa kisheria. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya Kenya ya mwaka 2018 kinamhusu anayevuruga mfumo kwa makusudi bila idhini. Faini ni hadi shilingi milioni 10 au kifungo cha hadi miaka 5, au vyote viwili. Uvurugaji ukisababisha hasara kubwa ya fedha au kutishia afya au usalama wa umma, faini inafika milioni 20 na kifungo miaka 10. Wengi hutuambia "ilikuwa ya dakika mbili tu". Sheria haitofautishi athari ya muda na ya kudumu. Simtishi mtu, nataka anayejaribu kwa nia njema awe na karatasi ya kumlinda.

Jaribio likiisha, linganisha tarakimu na zile za mwanzo kabla ya kutangaza kwamba mfumo umerudi. Endesha tc qdisc show uone netem imeondoka kwenye kila seva, na ufute ufunguo wa SSH uliotengenezwa kwa ajili ya jaribio. Ripoti itufikie ndani ya siku 3 za kazi, hata kama mlilikatiza katikati. Mlilokatiza hasa ndilo tunalotaka kulisoma, na jaribio jingine kwenye mfumo huo halitaruhusiwa kabla udhaifu uliopatikana haujarekebishwa.