Stoma si kidonda, na moto unaousikia hautoki kwenye stoma

Kauli ile ile kuhusu stoma, mlango wa choo uliofunguliwa tumboni kwa upasuaji, imerudi tena kliniki: "Choo kinapita kwenye kidonda, lazima kiume. Vumilia." Anayeitoa huwa ni ndugu anayemuuguza mgonjwa, tena kwa nia njema. Mgonjwa naye anavumilia, wiki ya kwanza, ya pili, huku ngozi chini ya bamba, kile kipande cha kunata kinachoshikilia mfuko wa choo, ikichubuka mpaka inatoa maji. Mateso hayo hayana sababu ya kuwepo.

Stoma ni utumbo wenyewe, umetolewa nje, ukakunjwa kama shingo ya sweta na kushonwa kwenye ngozi. Ndiyo maana ni nyekundu, imelowa, na ukiipangusa inaweza kutoa damu kidogo. Utumbo hauna neva za kusikia mkato wala kuungua kama ngozi ilivyo nazo. Choo hakiichomi stoma. Ukisikia moto pale, kinachoungua ni ngozi ya pembeni, na inaungua kwa sababu choo kimeifikia.

Kwenye ileostomi, yaani stoma ya utumbo mwembamba, hilo hutokea upesi, maana choo cha utumbo mwembamba bado kina vimeng'enya vya kusaga chakula, na vimeng'enya havichagui kati ya nyama uliyokula na ngozi yako. Chanzo cha kwanza ninachokitafuta ni tundu la bamba. Baada ya upasuaji stoma imevimba, kisha inasinyaa kwa wiki 6 hadi 8. Watu wanaendelea kukata tundu kwa kipimo cha siku waliyoruhusiwa kutoka wodini! Pima upya kila wiki. Stoma ya milimita 32, kata 34 au 35, basi. Usikate kwa kubana kabisa, kwa sababu ukingo wa bamba utaikwaruza stoma, na kwa kuwa haiumi, utajua tu ukiona damu au mstari mweupe.

Bamba ulilobandua usilitupe kabla ya kuligeuza na kutazama upande wa gundi. Pale gundi ilipoyeyuka, au choo kilipochora njia kuelekea ukingoni, ndipo panapovuja. Kisha kaa kitako mbele ya kioo utazame tumbo lako hapo hapo. Mara nyingi utakuta mkunjo ambao hauonekani ukiwa umelala, na mkunjo huo ndio wa kujaza kwa pete ya kunata. Ngozi ikiwa imechubuka, pete ni afadhali kuliko pasta, gundi laini ya kujazia mikunjo, kwa sababu pasta nyingi zina spiriti na zitakuchoma vibaya.

Kusafisha ni maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, kisha kukausha kwa kugusagusa bila kusugua. Spiriti hapana, dawa ya vidonda hapana. Mafuta ya mgando hapana pia, bamba halitashika. Palipochubuka nyunyiza unga wa stoma, kung'uta uliozidi, bandika. Ukiona wekundu unaowasha wenye vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni, huenda ni fangasi. Omba dawa ya unga, si ya krimu. Asiyepata mifuko ya kunata na anayetumia kitambaa, huyo apake malhamu ya zinki kwa unene na abadilishe kitambaa mara kinapolowa.

Mshono wa tumbo ndio unaouma kweli, na huo una dawa. Mtu mzima wa zaidi ya kilo 50 asiye na ugonjwa wa ini humeza parasetamo gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na siku za mwanzo anaimeza kwa saa zilizopangwa bila kungoja maumivu yapande. Anayengoja huogopa kukohoa na kutembea, na asiyekohoa anakaribisha nimonia. Diklofenaki ya kujinunulia dukani mwenye ileostomi aiache: anapoteza maji na chumvi nyingi, na dawa hiyo inaweza kumuumiza figo. Tramadoli inapunguza mwendo wa utumbo, hivyo kwa mwenye kolostomi, stoma ya utumbo mpana, choo kitakuwa kigumu. Vidonge vya kuachilia dawa polepole vinaweza kutoka vizima mfukoni.

Halafu kuna kanga. Kumfunga mtu tumbo kwa nguvu baada ya upasuaji tumekuzoea, lakini ukiifunga juu ya mfuko choo hakina pa kushukia, kinasukumwa chini ya bamba, na tunarudi kwenye ngozi ile ile. Ikunje kanga iwe mto, uikandamize mshono kwa mikono miwili unapokohoa. Kutoka kitandani, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, jisukume kwa mkono.

Katazo la kubeba vitu vizito kwa wiki 6 ninalitoa kwa kila mgonjwa, ingawa uthibitisho kwamba linazuia ngiri ya stoma, utumbo kusukuma na kuvimba kando ya stoma, ni mwembamba kuliko vitabu vinavyoonyesha. Ninaendelea kulitoa kwa sababu mshono mchanga unauma ukivutwa.

Walioachiwa puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, husikia haja kubwa ghafla na kudhani upasuaji umeharibika. Puru bado inatengeneza ute. Kaa chooni, sukuma taratibu, utatoka. Hata waliotolewa puru yote wapo wanaoisikia, na mapema siwezi kumwambia nani itampata wala itamwacha lini.

Usilolivumilia hata kidogo ni tumbo linalosokota kwa mawimbi huku mfuko wa ileostomi ukiwa mkavu kwa saa 4 hadi 6, hasa ukitapika. Huo ni mzibo. Acha kula, usimeze dawa ya kulegeza choo, nenda hospitali usiku huo huo. Na stoma iliyogeuka zambarau au nyeusi, hata kama hakuna kinachouma, ni safari hiyo hiyo.