Siku ya pili baada ya kuanguka

Kila nikieleza kazi yangu, swali linalofuata huwa lilelile: umewaachisha wangapi? Wananiuliza wenyeviti wa mitaa, wachungaji, na zaidi sana wazazi. Sina jibu, kwa sababu kazi yangu haipimwi hivyo. Mimi ni mwelimishaji rika. Nilitumia unga, yaani heroini, kwa miaka, nikapata nafuu, nikapata mafunzo, na sasa niko na wanaotumia na wanaojaribu kuacha hapa Mbeya mjini, kuanzia vijiwe vya Mwanjelwa na Mafiati hadi kwenye benchi la kliniki. Si daktari, si mshauri nasaha, si askari. Anayeacha anaacha mwenyewe. Ninachokipigania mimi ni siku ya pili baada ya mtu kuanguka: amekaa miezi bila kutumia, jana akarudia, leo ameamka. Je, atarudi kwetu au atapotelea maskani, yaani kijiweni wanakotumia?

Naomba nianze na mwili, maana majumbani mwetu watu huanza na roho. Anayetumia heroini kila siku, mwili wake unazoea. Kiasi cha jana hakimtoshi leo, na zikipita saa nane mpaka kumi na mbili bila kupata, arosto inaingia: makamasi, machozi, miayo, tumbo kusokota, kuhara, mifupa kuuma, jasho na baridi kwa pamoja. Katika baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba, hayo ni mateso makubwa. Hukolea siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka, na baada ya wiki moja hivi maumivu makali yanakuwa yamepita. Mtu akivuka hapo akakaa miezi soba, yaani nyumba ya kupatia nafuu, au akafungwa, mwili unasahau. Ule uwezo wa kuhimili unga unaondoka.

Kusahau huko ndiko kunakoifanya siku hii iwe nzito. Kete, kile kipimo kidogo cha unga, aliyokuwa anaivuta au kujidunga bila shida, sasa inaweza kumzima pumzi. Ndiyo maana anayetoka soba au gerezani yuko karibu zaidi na kifo kuliko mwenzake aliyebaki kijiweni anatumia kila siku. Wazazi hawaamini nikiwaambia, kwa kuwa kwao kijana aliyetoka soba ndiye aliyepona. Lakini kusahau kuna upande mwingine pia, na huo ndio ninaoushika: aliyerudia mara moja baada ya miezi, mwili wake bado haujarudi kudai. Kesho yake hana arosto ile ya zamani. Bado anaweza kusimama. Kinachomrudisha kwa pusha, muuza unga, siku ya pili mara nyingi ni aibu, na aibu inaongezwa na sisi tunaomzunguka.

Nimesikia yanayosemwa. "Si tulisema?" "Teja ni teja tu." "Hela zetu za soba zimeenda na maji." Mama anamwambia mwanawe heri angekufa, na naamini hamaanishi, lakini kijana anayabeba mpaka kijiweni, na kijiweni hakuna atakayemsema. Hapo ndipo maskani inapotushinda. Kule anapokelewa.

Kwa hiyo ninapompata, simuulizi kwa nini. Hilo ni swali la mahakamani, na jibu lake ni uongo au kimya. Kijana mmoja aliwahi kunifuata amejifunika kofia mpaka machoni, akasema, "Dada, nimeharibu." Nikamuuliza kama amekula. Hakuwa amekula. Tukaenda kwa mama ntilie, akala wali maharage taratibu, na mimi nikawa naongea na mama ntilie habari za bei ya mchele wa Kyela. Alipomaliza sahani ndipo aliponiambia mwenyewe alitumia wapi, na nani, na kiasi gani. Hayo matatu ndiyo ninayoyahitaji. Wapi, ili tujue njia ipi asipite wiki hii. Na nani, kwa sababu kurudia mara nyingi kuna mwaliko. Kiasi gani, ili nijue uhai wake uko salama kiasi gani.

Habari zangu mimi nazitumia kidogo sana. Wapo wenzetu wanaoamini kwamba ushuhuda ndio dawa, wakimkuta mtu wanamwaga maisha yao yote kuanzia kete ya kwanza. Siafikiani nao. Mtu aliyeanguka jana hana nafasi kichwani ya kubeba ushindi wako. Namwambia sentensi moja, ile inayogusa alipo: kwamba na mimi nilishaogopa kurudi baada ya kuanguka, na nikarudi. Inatosha. Sehemu iliyobaki ni kusikiliza.

Wazo la mgonjwa kumshika mgonjwa mwenzake halikuanzia kwetu, na mwanzo wake unafaa kujulikana na wanaowakatia tamaa watu. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mfanyabiashara aliyeitwa Bill Wilson alikuwa na miezi michache tu tangu aache pombe, na biashara iliyompeleka huko ikawa imekwama. Aliona anakaribia kunywa. Akatafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, kwa ajili ya kujiokoa yeye mwenyewe, akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Dokta Bob akaacha. Wiki chache baadaye akasafiri kwenda mkutano wa madaktari huko Atlantic City, akanywa mpaka akazimika. Akarudi Akron, Bill akampokea, na pombe yake ya mwisho inahesabiwa kuwa ya tarehe 10 Juni, 1935. Tarehe hiyo ndiyo chama chao, Alcoholics Anonymous, kinaihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwake. Zile hatua 12 zinazosomwa katika soba zetu leo zimetoka kwa watu ambao mmoja wao alianguka baada ya kushikwa mkono, akarudi, na mlango ukawa wazi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo baadhi ya watu wananilaumu nalo. Nawafundisha wanaotoka soba na familia zao namna ya kumwokoa aliyezidiwa, na wapo wanaodhani nawaruhusu watumie. Maiti hapati nafuu. Nasema hivi: ukirudia, usiwe peke yako, na usichanganye na pombe wala valiamu, ile dawa ya kutuliza, kwa sababu vyote vitatu vinakandamiza pumzi. Ukimkuta mwenzako anakoroma kwa namna isiyo ya usingizi, midomo na kucha zimegeuka rangi, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, ukimwita na kumfinya haamki, huyo anakufa. Msimmwagie maji, msimnyweshe maziwa, msimkimbie kwa kuogopa polisi. Mpulizieni pumzi mdomoni kama hapumui. Kama anapumua, mlazeni ubavu. Tafuteni usafiri wowote, bodaboda huku mwenzake akimshikilia kwa nyuma, bajaji, chochote, afike hospitali, na mfikapo semeni ukweli kwamba ni unga, kwa sababu dawa ya kuutengua ipo, inaitwa naloksoni, na daktari akidanganywa anapoteza dakika.

Kwenye methadoni, dawa ya hospitali inayochukua nafasi ya heroini, mambo ni tofauti kidogo. Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2011 Muhimbili, na sasa kliniki ipo hapa kwetu katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Kwa kawaida mnufaika anakuja kila siku, anakunywa kikombe chake mbele ya mhudumu. Dozi huanza chini na kupandishwa pole pole mpaka arosto inyamaze kwa siku nzima. Wanaosema "amebadilisha tu dawa" nawaomba wamtazame mtu huyo baada ya miezi sita, anayeamka na kwenda kibaruani badala ya kwenda kuiba betri za magari. Ila mtu akikosa siku tatu mfululizo au zaidi, hawezi kurudishwa moja kwa moja kwenye dozi yake ya zamani. Lazima daktari aipitie upya, kwa sababu ileile ya mwili kusahau. Wengi hawalijui hilo, au wanalijua nusu, wanafikiri wakikosa siku tatu wamefukuzwa. Hawajafukuzwa. Namfuata mtu hadi Uyole au Mbalizi kumwambia hilo moja tu. Mtu anayeishi mbali na kliniki, nauli ya kila siku inamshinda kabla ya uraibu kumshinda, na huyo ukimwita mzembe unamwonea.

Na kuna jambo ambalo sisi tunaoshinda na wanufaika tunaweza kuliona mapema kuliko wote. Mtu alikuwa ametulia, ghafla analalamika dozi haimfikishi asubuhi. Minong'ono inaanza kwamba anataka kulewa. Kabla ya kuhukumu nauliza: umeanzishiwa dawa za kifua kikuu? Rifampisini iliyomo kwenye dawa za TB huifanya methadoni iondoke mwilini haraka, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hufanya vilevile. Arosto yake ni ya kweli. Namsindikiza mpaka kwa daktari na namwomba aseme majina ya dawa zote anazomeza. Asiposikilizwa hapo, atatafuta kete, na tutasema ameanguka wakati tumemsukuma wenyewe.

Pombe nayo inataka maneno ya peke yake, hasa ukipanda kuelekea Iringa na Njombe. Unga una kijiwe, na kijiwe unaweza kukikwepa. Ulanzi huwezi kuukwepa. Mvua zikishika, mianzi inagemwa, ndoo ziko kila kona, na bei yake haimzuii mtu yeyote. Asubuhi ni mtamu hata mtoto ananyweshwa, ukilala unakuwa mkangafu, yaani mkali. Upo kwenye kazi za kusaidiana shambani, upo msibani, upo kwenye posa. Anayeukataa anaonekana anadharau wenyeji wake. Kwa wanaopata nafuu huko, mazungumzo yetu ya Januari hadi Mei yanahusu mambo madogo kabisa: utakwenda msibani na nani, utashika nini mkononi, utaaga saa ngapi, nani atasema kwa niaba yako kwamba daktari amekukataza. Shangazi mmoja mwenye heshima ukooni, akitamka hivyo mara moja, anafanya kazi ambayo mimi siiwezi.

Lakini la kuogopa zaidi ni hili. Arosto ya heroini inatesa, mara chache inaua. Arosto ya pombe inaweza kuua. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, ndani ya siku moja anatetemeka na kutoka jasho, anaweza kupata degedege katika siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne akaanza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Ndugu wanasema ni mapepo, au amerogwa, wanamfungia chumbani ili "imtoke". Msifanye hivyo. Huyo ni mgonjwa wa hospitali leo hii. Kule atapewa dawa za kumtuliza kwa vipimo, hiyo valiamu niliyoikataza mtaani ikiwa mojawapo, na vitamini B1 ambayo mlevi wa muda mrefu huwa ameishiwa. Maombi yaendelee pembeni ya kitanda cha wodi, sina ugomvi nayo.

Mipaka yangu ni michache. Sitoi fedha mkononi, nanunua chakula. Sipeleki jina la mtu kwa mtu yeyote, awe polisi, awe mzazi. Siingii maskani peke yangu, na yupo mwenzangu ambaye mimi nampigia simu siku ambazo harufu ya kijiwe imenifuata hadi nyumbani. Asiye na mtu wa kumpigia asifanye kazi hii.

Mama mmoja wa Tukuyu, baada ya kunishukuru, "ndaga, mwanangu," aliniuliza afanye nini mwanawe akigonga tena usiku. Nilimjibu hivi, na ndivyo ninavyomjibu kila mzazi. Akija amelewa, usiongee naye usiku huo. Mlaze ubavu, msikilize anavyopumua, usimwache peke yake. Asubuhi mpe chai na chochote kilichopo, kisha mwambie unampeleka kliniki na utakaa naye kwenye foleni. Njooni mapema. Akikataa kuja, njoo peke yako utuambie kijiwe anachopenda kukaa, tutamfuata.