"Si ipo Wayback?" Haya, ifungue

Juma lililopita mwanafunzi wa uzamili kanijia hapa Wandegeya, Kampala, na swali lilelile: "Mwalimu, mnahangaikia nini kunakili tovuti za serikali? Si zipo Wayback Machine?" Yaani ile hifadhi ya mtandaoni ya nakala za kurasa za zamani. Ni wa nne mwezi huu. Nikamsogezea kompyuta. Fungua.

Ukurasa wa mwanzo wa wizara ukaja: nembo yenye swala na korongo, waziri anatabasamu. Akabonyeza "Ripoti". Hamna. Roboti, yaani programu inayozunguka mtandaoni ikinakili kurasa, hufuata viungo, haijazi fomu. Kilichokaa nyuma ya kisanduku cha kutafutia hakiipati. Hilo tuliache, kila mtu angepaswa kulijua.

Kinachonichoma ni tarehe. Ile iliyoandikwa juu ya nakala watu huiamini kama muhuri wa posta, kumbe ni ya HTML tu, yaani faili la msingi la ukurasa. Kila picha na kila jedwali lililoletwa na JavaScript (msimbo unaoongeza vitu ukurasa unapofunguka) lina saa yake, na mfumo huokota nakala iliyo karibu zaidi. Ndiyo maana unaweza kukuta hotuba ya Machi chini ya picha ya waziri aliyeteuliwa Oktoba. Ukurasa wa namna hiyo hakuna binadamu aliyewahi kuuona, siku yoyote ile, halafu mtu anauweka kwenye tanbihi ya tasnifu! Pale juu pana maelezo ya nakala yanayoonyesha kila kipande kimepishana na tarehe kwa muda gani. Bonyeza. Ni bure.

Na pengo nalo lisomwe kwa akili. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini Uganda mkesha wa uchaguzi, roboti yangu ikalala siku tano. Atakayekuja miaka hamsini baadaye asiseme kurasa zilifutwa siku hizo. Mimi ndiye niliyekuwa gizani.

Mkisikia mabadiliko ya siasa mnawaza vifaru Khartoum. Kwetu tovuti inaweza kufa kwa muswada. Novemba 2024 Bunge liliamua UCDA, mamlaka ya kahawa iliyoanza 1991, imezwe na Wizara ya Kilimo. Taasisi ikishamezwa, nani analipia anwani yake? Ripoti za kila mwezi za kahawa iliyouzwa nje zinahamia seva gani, na viungo vyote vilivyozielekea? Kunakili huanza muswada unapotajwa. Ukingoja usainiwe, umechelewa.

Lakini sijisifu. Kuna ofisi moja iliweka PDF ya majina ya watu pamoja na namba za vitambulisho vyao, ikaishusha baada ya siku mbili. Roboti yangu ilikuwa imeshapita. Nimehifadhi historia, au nimeliongezea kosa lao maisha? Wenzangu wawili wanasema futa, mmoja anasema kufuta ndiko kunakofanywa na serikali. Faili nimelifungia. Tangu hapo nimeshaandika barua ya kuomba lifutwe mara mbili, na mara mbili sikuituma.