Inhela ya bluu na ile ya kila siku: kila moja na kazi yake

Huku Lamu ukimuuliza mwenye pumu anatumia dawa gani atakutolea mfukoni inhela ya bluu, ukimuuliza na ile nyingine je, anakwambia aah ile nilipewa lakini haifanyi kitu. Hapo ndo penye shida.

Pumu ni mambo mawili pamoja, njia za hewa zinavimba kwa ndani halafu misuli inayozizunguka inakaza. Ya bluu, mara nyingi salbutamol, inalegeza misuli, dakika chache tu unapumua, lakini baada ya masaa 4 hadi 6 imeisha nguvu na uvimbe uko palepale. Kutuliza uvimbe ni kazi ya ile ya kila siku yenye steroidi kidogo, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, kama beclometasone au budesonide, ganda mara nyingi la kahawia ila rangi zinabadilika kwa hivyo soma jina. Hii huisikii leo wala kesho, yataka siku kadhaa mpaka wiki, asubuhi na jioni, hata ukiwa mzima kabisa. Tangu 2019 muongozo wa kimataifa wa pumu unasema mtu mzima asitegemee ya bluu peke yake. Ukijiona unaivuta zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijatulia, rudi kwa daktari.

Na kuvuta kwenyewe sasa. Binamu yangu wa Langoni alikua anamaliza ya bluu kila mwezi, nikamwambia hebu vuta nione, akabonyeza na kale kamoshi keupe kakatokea pembeni mwa mdomo kakapotea. Dawa yote hewani, kifuani hamna kitu! Tikisa kwanza, toa pumzi, bana midomo vizuri, anza kuvuta polepole ndo ubonyeze hukuhuku unavuta, halafu zuia pumzi sekunde 10. Ya pili ngoja kama nusu dakika. Mtoto atumie spesa, yaani kichupa cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo, na ukikosa, chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela inasaidia kweli. Ukishavuta ya steroidi sukutua uteme, la sivyo utapata utando mweupe mdomoni.

Ramadhani watu huacha zote mbili, jamani msiache, ya kila siku inaingia vizuri daku na futari, na mtu akibanwa mchana avute ya bluu pale pale, mgonjwa ana ruhusa yake. Na chetezo cha udi kitolewe chumba anacholala mwenye pumu, najua ni vigumu Ijumaa lakini kitolewe.

Mtu akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zinabonyea ndani, midomo inageuka rangi, mpe ya bluu kwa spesa, ubonyeze mara 4 mpaka 10, moja moja, huku mnaelekea hospitali. Walioko Faza au Siyu, kule kisiwani Pate, wasisubiri boti ya asubuhi.